Skuta kumwaga petroli wakati wa kujaza: yaliyonikuta mimi hapa Mtwara

Ndugu yangu wa Lindi, nimesoma shida yako mara mbili. Kila ukijaza, petroli inafurika kwenye mdomo wa tangi, inatiririka kwenye kava, na harufu inashinda chini ya siti kutwa nzima. Waliotangulia wamekushauri uhame sheli. Mimi huu ni mwaka wa sita naendesha skuta kati ya Shangani na Mikindani, na nimehama sheli mara tatu bila kupona. Dawa ilikuwa kwenye namna ninavyoagiza mafuta na ninavyosimamia yakitiwa.

Mwaka wa kwanza niliingia sheli moja asubuhi nikiwahi kazini, nikafungua siti, nikasema "jaza fulu". Skuta ilikuwa kwenye stendi ya pembeni, imelala kushoto. Petroli ikaruka ghafla, ikanilowesha paja, nyingine ikateremka kwenye injini iliyokuwa bado ya moto. Mungu alisaidia, haikuwaka. Kosa langu kubwa lilifuata: nilifunga siti, nikawasha, nikaenda Mikindani na kufundisha vipindi viwili na suruali ileile. Jioni ngozi ya paja ilikuwa nyekundu inawasha, na baada ya siku mbili ikababuka. Petroli ikibanwa kwenye nguo dhidi ya ngozi inaunguza hata bila moto. Ikikumwagikia, vua, osha kwa maji mengi na sabuni, na ile nguo usiisogeze jikoni.

Sasa kwa nini inaruka wakati nozeli inajikata yenyewe? Pale kwenye ncha ya nozeli kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa. Mafuta yakipanda yakakiziba, hewa inakatika, mtambo wa ndani unafunga, unasikia "tak". Kwenye gari lenye shingo ndefu ya tangi inafanya kazi vizuri. Tangi la skuta ni fupi, halina shingo ya maana, na mafuta yakisukumwa kwa nguvu yanagonga chini na kurudi juu na povu. Povu linaziba kitundu, nozeli inakata mapema, tangi bado nusu. Mhudumu anadhani pampu inasumbua, anaivuta nozeli juu kidogo ili aendelee. Hapo kile kitundu kimeshatoka nje ya tangi, hakuna tena cha kuizuia. Sekunde mbili tu inafurika. Nimesimama nikaliangalia jambo hili likiwatokea watu wengine, na mara nyingi huwa ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mimi nimeacha kabisa neno "fulu". Tangi langu ni la lita 5, na mshale ukigusa nyekundu najua imebaki kama lita moja. Naagiza lita 3. Naagiza kwa lita kwa sababu EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, inatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta ya elfu kumi ya mwezi uliopita si lazima yawe kiasi kilekile mwezi huu. Kabla hajaanza namwambia kwa upole: "Kaka, hii ni skuta, naomba ubane kidogo kidogo, na ikikata usiongeze." Hakuna aliyewahi kukasirika. Skuta naiweka stendi ya kati, isimame wima, injini nimezima. Nozeli iingie kwanza ndipo abane. Akimaliza aiache matone yaishe ndani ya tangi kabla ya kuitoa.

Lile suala la kuacha nafasi si woga. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto. Inatoka kwenye tangi la ardhini ikiwa na ubaridi wake, halafu wewe unaenda kuiegesha juani. Joto likipanda nyuzi 20, lita 5 zinaongezeka kama mililita 100, yaani kikombe kidogo kizima. Kama umejaza hadi mdomoni, hicho kikombe kitatafuta njia ya kutokea. Huenda ndiyo harufu yako ya mchana.

Kitu kingine ambacho hujakitaja. Skuta nyingi zina kibakuli kinachozunguka mdomo wa tangi, na pembeni yake kuna kitundu chenye mpira wa kupeleka yaliyomwagika hadi chini. Kwetu huku vumbi na mchanga wa pwani hukiziba, petroli inabaki imetuama chini ya siti. Mimi nilikizibua kwa njiti ya chelewa kutoka kwenye ufagio, injini ikiwa imepoa na skuta ikiwa nje uwanjani. Ikatoka tope nyeusi. Usipulize kwa mdomo.

Ikimwagika ukiwa sheli, funga mfuniko, acha siti wazi, usiwashe. Isukume pembeni, futa kwa kitambaa, subiri ikauke kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unalala chini, palepale penye injini na nyaya. Mvuke huo ukishika moto, usimwagie maji: petroli inaelea juu yake na kusambaa. Zile ndoo nyekundu za mchanga zimewekwa kwa kazi hiyo. Na kile kitambaa usikitunze chini ya siti.

Kwa wanaosafiri njia ya Mingoyo kwenda Masasi wakabeba akiba kwenye kidumu: ukimimina, geuza kidumu mdomo wake uwe upande wa juu. Hewa itaingia taratibu na mafuta yatatoka kwa mkondo mmoja, bila ile kugugumia inayorusha nje. Faneli iwepo, na mtu wa pili akushikie skuta.

Wewe kesho asubuhi anza na kile kitundu cha kibakuli, kabla jua halijawaka. Ukikikuta kimeziba, rudi utuambie, na utaje skuta yako ni ya aina gani, maana mpira wa kila moja unapita kwake.