Wasomaji Wanauliza: Nimerudi shule baada ya msiba, na mtihani wa Novemba unakaribia

*Shikamooni walimu. Nasoma Kidato cha Nne, Korogwe. Baba alifariki mwezi wa saba. Nilibaki nyumbani hadi arobaini ikapita, kwa sababu mama yupo eda na wadogo zangu hawakuwa na wa kuwaangalia. Nimerudi, nakuta Mock, mtihani wa majaribio, imepita na wenzangu wanafanya marudio. Nikifungua kitabu nasoma ukurasa mmoja mara tatu, hakibaki kitu. Nianzie wapi?*
Binti wa Korogwe

Marahaba, binti yetu, na pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu baba. Kusoma bila kushika kitu kunawapata wengi waliofiwa: usingizi unakuwa wa mang'amung'amu na mawazo yanarudi nyumbani kila dakika. Akili yako ni nzima. Wiki hii ya kwanza usijilazimishe kukaa saa tatu. Soma dakika 25, inuka dakika 10, kisha rudia mara moja tu. Soma ukiwa na kalamu: ukimaliza aya, funga kitabu uandike ulichokumbuka, hata kama ni mstari mmoja. Wiki ijayo ongeza kipindi cha tatu.

Sasa kuhusu madaftari. Wengi wanaorudi shule huazima daftari la rafiki na kuanza kunakili yote waliyokosa. Tunakuomba sana usifanye hivyo. Mkono utachoka, wiki mbili zitakwisha, na ukiulizwa swali utakuwa huna jibu. Toa kopi ya kurasa za mada ulizokosa, kisha nenda moja kwa moja kwenye maswali.

Kabla ya hapo chukua karatasi moja kwa kila somo, uorodheshe mada zote za Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Weka alama ya tiki kwenye mada unayoweza kujibu bila kitabu, nusu duara kwenye unayokumbuka kidogo, na msalaba kwenye ambayo hukufundishwa. Anza na zenye nusu duara. Mada uliyowahi kuielewa hurudi kwa vipindi viwili au vitatu, wakati mada mpya inaweza kula wiki nzima. Za msalaba chagua chache, zile zinazojirudia kwenye mitihani iliyopita, na umwombe mwalimu wa somo akueleweshe.

Halafu piga hesabu ya alama. Kwenye mtihani wa Baraza la Mitihani, D inaanzia 30, C 45, B 65 na A 75. Divisheni, yaani daraja la jumla la matokeo, hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwenye 38 kwenye Jiografia akipata alama 7 zaidi anapanda kutoka D hadi C. Mwenye 46 kwenye Historia akiongeza hata alama 18, bado yuko kwenye C. Kwa hiyo muda wako mwingi uende kwenye masomo yaliyo karibu na mpaka. Na kwa kuwa kuchaguliwa kwenda Kidato cha Tano kunahitaji angalau C tatu, zihesabu hizo tatu kwanza.

Wiki hii ya kwanza ikipita, kila Jumamosi fanya mtihani mmoja mzima kwa saa tatu, bila kitabu. Hisabati ina maswali 10 ya alama 6 na maswali 4 ya alama 10. Ukitumia dakika 10 kwa kila swali la mwanzo na 18 kwa kila la mwisho, unabakiwa na dakika 8 za kukagua. Anayeng'ang'ania swali moja la alama 6 kwa nusu saa amelipa kwa swali zima la alama 10.

Jumapili sahihisha, na makosa yaende kwenye daftari lake lenye safu tatu: swali, nilichoandika, kwa nini nimekosa. Mfano: *log 2 + log 5*, *nimeandika log 7*, *nimejumlisha namba, nilitakiwa kuzizidisha: log 10, jibu ni 1*. Safu ya tatu ndiyo yenye faida. Ukiandika "sikuwa makini" hujaandika kitu. Rudia swali hilo baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Tovuti ya Baraza la Mitihani ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha majibu mazuri na mabovu. Mwombe mwalimu akutolee kopi ya masomo yako ya mpakani.

Jambo moja la haraka: alama za maendeleo ya shuleni huingia kwenye matokeo ya mwisho, nawe hukufanya Mock. Mwone mwalimu wa taaluma wiki hii umuulize alama hiyo itajazwaje. Usisubiri shule iwe imeshatuma.

*Walimu, mpwa wangu naye amefiwa na mama. Anakesha na vitabu hadi saa tisa usiku, lakini darasani anasinzia. Nimsaidieje?*
Shangazi mtu, Tanga

Pole, shangazi. Mzimie taa saa nne na nusu. Tunajua atalalamika, lakini aliyosoma mchana hukaa kichwani kwa msaada wa usingizi; akikesha anapoteza ya jana na ya kesho. Mpunguzie kazi za nyumbani saa za jioni, bila kumwondolea zote, kwa maana kuchota maji au kuosha vyombo humtoa kwenye mawazo. Na tafadhali, asiambiwe kwamba marehemu alitaka awe daktari. Mtoto hubeba maneno hayo hadi chumba cha mtihani.

Akikaa wiki mbili hali vizuri wala halali, mpeleke kituo cha afya. Akitamka kwamba hataki kuishi, nenda siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo.

*Je, nikiona sijawa tayari, niache kufanya mwaka huu?*
Mtahiniwa, Muheza

Kama umeshasajiliwa na afya inaruhusu, fanya. C utakazopata sasa ni zako, na mwakani unaweza kurudia masomo uliyoanguka ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa zaidi, kwa hiyo matokeo yakitoka nenda kituo cha usajili mapema na namba yako ya mtihani.