Kwa Nini Ndege Ndogo Hugongana Zikiwa Bado Ardhini?

SWALI: Ndugu mtaalamu, inawezekanaje ndege mbili ndogo zigongane zikitembea taratibu kuelekea njia ya kurukia, mchana kweupe, ilhali mnara wa kuongozea ndege upo? Na anayestahili lawama ni nani?

JIBU: Ndugu msomaji, ruhusa inayotolewa na mwongoza ndege humwelekeza rubani njia ya kupita, lakini haimhakikishii kwamba ncha ya bawa lake haitagusa ndege iliyoegeshwa kando. Wajibu wa kuepuka kugonga hubaki kwa rubani, hasa katika eneo la maegesho, ambalo katika viwanja vingi haliongozwi na mnara, na katika viwanja visivyo na mnara kabisa, ambako marubani hutangaziana wenyewe kwa redio.

Kuona nako si rahisi kama tunavyodhani. Cessna 172, ndege ya viti vinne, ina mabawa yenye upana wa takriban mita 11 kutoka ncha hadi ncha, na rubani hulazimika kuukadiria upana huo kwa macho. Ndege zenye gurudumu dogo mkiani hukaa pua ikiwa imeinuka kiasi cha kumziba rubani asione kilicho mbele, na ndiyo maana hufundishwa kwenda kwa kupindapinda, kulia na kushoto, ili apate kuchungulia pembeni. Akiacha kufanya hivyo kwa muda mfupi tu, na ndege ya mbele ikasimama, rafadha ya ndege ya nyuma, yaani pangaboi linaloivuta, huukatakata mkia wa ndege ya mbele. Usiku taa ndogo nyeupe ya mkiani humezwa na taa za uwanja.

Hata hivyo, kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi ni rubani kuinamisha kichwa ili abadilishe masafa ya redio au asome orodha ya ukaguzi huku ndege inaendelea kutembea. Kazi hizo zingoje mpaka ndege isimame na breki zishikwe. Mwendo mdogo haupunguzi ukali wa rafadha, ambayo hata hapo huzunguka mamia ya mara kwa dakika, na ikigonga kitu injini nayo hulazimika kufunguliwa na kukaguliwa, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Kuhusu lawama, si kila mara humwishia rubani. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, Italia, ndege ndogo ya Cessna Citation ilifuata njia isiyo yake katika ukungu mzito, ikaingia kwenye njia ya kurukia na kugongwa na ndege ya abiria ya SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, iliyokuwa ikipaa. Watu 118 walifariki dunia. Rubani alipotea njia, ni kweli, lakini wachunguzi walikuta pia alama za uwanja zisizoeleweka vizuri, na rada ya ardhini, inayomwonyesha mwongoza ndege zinazotembea uwanjani, haikuwa ikifanya kazi.