Kamba za chini zinatosha, mwalimu mwenzangu

Juzi mwalimu mmoja wa Tukuyu ameniandikia. Anataka kuwatengenezea wanafunzi wake uwanja wa mazoezi ya kamba, yaani kamba za kufunga mitini ambazo kundi linazivuka kwa kushirikiana, ila mkuu wake wa shule anasema hizo ni mbwembwe za shule za kulipia. Maneno hayo nami niliambiwa hapa Mufindi, tena kwenye kikao, mbele ya wazazi, na mpaka leo yananiuma.

Mbwembwe? Mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walipoanzisha Outward Bound, shule ya kujenga ujasiri kwa mazoezi ya nje kama haya, kule Aberdovey, Wales, mwaka 1941, walikuwa wanawaandaa vijana wa melini wakati wa vita, wasikate tamaa chombo kikizama.

Sisi tulianza na utando wa buibui: kamba zimefumwa kati ya mikaratusi miwili, kila tundu anapita mtu mmoja tu, na mkigusa kamba mnarudia. Kidato cha pili wakaparamia matundu ya chini. Mwishoni wakabaki wawili, matundu ya juu yako wazi, na wa kuwanyanyua hakuna. Wakaanza kufokeana. Ndipo binti mmoja, ambaye darasani sauti yake huisikii, akasema, "Ya chini tuwaachie wa mwisho. Ya juu tuyapite sasa hivi, wabebaji bado tupo wengi." Wakamfuata. Yeye akapita wa mwisho, anatambaa, sweta limejaa tope. Muhula huu ndiye kiranja wa taaluma, nami najivunia mno.

Kwa hiyo anza chini, kimo cha goti. Kamba za juu zinataka mikanda ya usalama, kofia ngumu na mtu aliyefunzwa kweli kuzishika. Katani huoza kwa mvua na ukungu wetu huu, hivyo ianike na uikague kila mara kabla ya zoezi. Magome yafunge magunia, miti isichubuke. Mwoga asilazimishwe, mpe kazi ya kuwalinda wenzake wasianguke.

Na wewe, mwalimu, nyamaza! Wakikosea, waache wakosee. Wakimaliza, kaeni kwenye nyasi uwaulize nani alisikilizwa na nani alipuuzwa. Kila siku tunalalamika watoto hawajiamini, na hatuwaachii hata robo saa waamue jambo wenyewe. Tuache kuwaamulia!

Mkuu akikunyima hela, mwombe miti miwili na kipindi cha michezo cha Ijumaa.