Maswali ya Jikoni: Chachu ya Siki Iko kwa Mgema

SWALI: Asalaam aleikum. Nilisaga maembe, nikatia vijiko vinne vya siki nyeupe ya dukani iwe chachu, nikafunga chupa vizuri. Mwezi na nusu sasa, inanuka pombe tu. Nimeambiwa nitafute chachu hai ya siki. Hapa Malindi inauzwa wapi?
*Msomaji, Muyeye*

JIBU: Waaleikum salaam. Siki nyeupe ya dukani haina uhai. Nyingine ni asidi ya asetiki, ile inayoipa siki ukali, iliyozimuliwa kwa maji. Nyingine ilikuwa siki ya kweli, lakini ilichujwa na kupashwa moto kabla ya kuingia chupani. Ungetia hata lita nzima, isingezaa kitu.

Tatizo la pili ni kifuniko. Siki hupita hatua mbili. Kwanza hamira hugeuza sukari kuwa kileo, na hapo hewa haihitajiki sana. Kisha bakteria hugeuza kileo kuwa asidi, na hao bila hewa hawafanyi kazi kabisa. Maembe yako yamemaliza hatua ya kwanza na kusimama mlangoni pa ya pili.

Chachu usiitafute dukani. Nenda kwa mgema ununue lita mbili za tembo la mnazi lililogemwa siku hiyohiyo, lisilozimuliwa maji wala kuongezwa sukari. Tembo hutoka mnazini likiwa na sukari ya kutosha, na likifika kibuyuni hamira na bakteria wa siki wameshaingia. Ndiyo maana tembo la juzi huwa chungu bila kutiwa kitu. Lichuje kwa kitambaa safi. Litie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, au ndoo ya plastiki ya chakula, lifike nusu au theluthi mbili tu, ili uso unaogusa hewa uwe mkubwa. Funika kwa kitambaa kilichofumwa karibukaribu, ufunge kwa mpira. Chandarua hakitoshi: vijinzi vya matunda hupenya.

Weka kivulini, penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Jikoni chini ya mabati mchana wa kaskazi hapafai, kwa sababu joto likipita 35 bakteria huzorota, na likikaribia 40 husimama. Chini ya makuti, au ndani ya nyumba ya mawe, ni mahali pazuri. Baada ya wiki moja au mbili utaona utando mwembamba unaong'aa juu. Usiutikise wala kuuzamisha. Ukizama, bakteria waliomo hukosa hewa, na itabidi utando mwingine ujengeke upya. Kwa wiki nne hadi nane tembo litakuwa siki kali. Hiyo ndiyo chachu yako, na ukibakiza nusu lita kila unapochota hutahitaji kununua tena.

Maembe uliyonayo yachuje, kisha kwa kila lita tatu utie robo tatu lita ya siki hiyo hai pamoja na kipande cha utando. Usipunguze kipimo. Kazi yake si kuleta bakteria tu. Asidi yake huzuia ukungu tangu siku ya kwanza, na vijiko vinne visingeweza hilo hata kama siki ingekuwa hai.

Ukianza upya, chukua kilo tatu za maembe ya ngowe yaliyoiva sana, umenye, uondoe kokwa na kuponda. Ongeza lita mbili za maji yaliyochemshwa yakapoa, gramu 200 za sukari na kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate. Funika kwa kitambaa, koroga kila siku. Povu likiisha, siku ya saba hadi ya kumi, chuja na utie chachu. Sukari usizidishe ukidhani siki itakuwa kali zaidi. Kileo kikipita asilimia 10 hivi, bakteria wa siki hulemewa.

SWALI: Mimi sitaki tembo liingie nyumbani mwangu. Je, maji ya nazi tunayomwaga tukikuna nazi yanaweza kuwa siki bila kupitia ulevi?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

JIBU: Maji ya nazi yanafaa sana; Ufilipino siki ya nazi hutumika sana. Lakini tukujibu kwa ukweli: hakuna siki ya nazi, embe wala tende isiyopitia kileo, kwa kuwa asidi ya siki hutengenezwa kutokana na kileo chenyewe. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi hutofautisha kileo kilichogeuka siki chenyewe na kile kilichotiwa kitu ili kigeuke. Muulize sheikh wako kabla ya kutia chachu, umweleze hatua zote mbili.

Kwa upande wa matayarisho, shida ya maji ya nazi ni wepesi wake. Sukari yake ni asilimia 2 au 3 tu, nayo ikigeuka yote hutoa asidi isiyofika asilimia 2, hivyo yataoza kabla hayajawa siki. Ongeza gramu 100 za sukari kwa kila lita, chemsha, acha yapoe kabisa, utie nusu kijiko cha chai cha hamira kwa lita tatu. Tumia maji ya nazi zilizovunjwa siku hiyo. Yaliyolala nje huwa yameshaanza kuchacha vibaya.

SWALI: Siki yangu inanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na juu kuna kitu cheupe. Nimwage?
*Msomaji, Shela*

JIBU: Usimwage bado. Harufu hiyo hutokea kileo na asidi vikikutana wakati hewa ni haba. Hamishia kwenye chombo kipana zaidi, na mara nyingi itapungua kadiri kileo kinavyoisha. Kilicho juu kiangalie kwa makini. Utando laini, mzito, unaoteleza ni wa siki. Ngozi kavu yenye makunyanzi, kama unga uliomwagwa, ni hamira pori: iondoe na uongeze siki hai. Kikiwa na manyoya, cha kijani au cheusi, ni ukungu. Mwaga chote na uchemshe chombo. Ukiona vijinyoo vyembamba vinaogelea karibu na kioo, havidhuru mtu. Chuja, kisha pasha siki nyuzi 70 kwa dakika kumi.

SWALI: Siki ilikuwa kali, sasa ukali umepungua. Na je, naweza kuitia kwenye achari?
*Msomaji, Mambrui*

JIBU: Kileo kikiisha, bakteria wale wale walioitengeneza siki huanza kula asidi yake. Siki ikifika ukali unaoutaka, ichuje na uijaze chupani hadi shingoni, ufunge kabisa. Usiipashe moto wala kuihifadhi kwenye sufuria ya alumini au chombo cha chuma au shaba, maana asidi huvila. Tumia kioo, au chuma kisichoshika kutu.

Kwa kachumbari, samaki na achari ya kuliwa ndani ya siku chache ikiwa kwenye friji, itumie bila wasiwasi. Achari ya kukaa miezi kabatini inahitaji siki yenye asidi ya asilimia 5, na ulimi hauwezi kupima hilo. Karatasi za pH, za kupimia uasidi, nazo hazitoshi, kwa sababu siki ya asilimia 3 na ya 5 huonyesha rangi zinazokaribiana sana. Kwa achari hiyo nunua siki iliyoandikwa kiwango chake, usiizimue maji.