Maswali ya Wasomaji: Vipimo Vinavyofika Vipande Vipande

SWALI: Ninafuga vifaranga hapa Majengo, Moshi. Nimeunganisha kihisi cha joto na Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayoprogramiwa) yenye kadi ya mtandao ya W5100, ili vipimo viingie kwenye kompyuta iliyoko sebuleni, ambako nimeandika programu ya kupokea kwa Python. Nilipopanga maandishi kwa snprintf (amri ya C ya kupanga namba ndani ya maandishi) na %.1f, yaani namba yenye desimali moja, ilikuja alama ya kuuliza badala ya namba. Nilipohamia client.print(joto, 1), namba zilifika, lakini mara napata "31." peke yake, mara "531.6". Je, kadi ni mbovu?

JIBU: Kadi yako ni nzima. Una matatizo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni la upangaji wa maandishi. Uno ina RAM ya baiti 2,048 na flash ya kilobaiti 32 tu, na ili kubana nafasi, maktaba ya C ya chipu za AVR, ambazo Uno huzitumia, huja bila ile sehemu ya printf inayoshughulikia desimali. Ikikutana na %f huandika alama ya kuuliza na kuendelea bila kulalamika, na ukimya huo ndio unaowapotezea muda wanaoanza. Unaweza kutumia dtostrf, inayogeuza desimali kuwa maandishi, ingawa mimi ningezidisha kipimo kwa kumi na kutuma namba kamili, yaani 31.5 iende kama 315, kisha kompyuta, ambayo haina shida ya kumbukumbu, ndiyo igawanye. Wapo wanaoigawanya hukohuko kwenye Uno na kuandika sehemu mbili zenye nukta katikati, na kwa vifaranga wanaotaka nyuzi 32 na zaidi katika wiki ya kwanza hawatapata hasara. Lakini mwenye friza la nyama ataona -0.5 ikiandikwa 0.5, kwa kuwa sehemu yake kamili ni sifuri, na sifuri haibebi alama ya kutoa.

La pili ndilo kubwa zaidi. TCP, yaani utaratibu wa mtandao unaobeba vipimo vyako, hufikisha baiti zote kwa mpangilio uleule zilivyotumwa, lakini haijui kipimo kimoja kinaishia wapi. Ni kama mfereji wa kumwagilia migomba: ukimwaga ndoo mbili juu, anayekinga chini hawezi kujua ya kwanza iliishia wapi. Isitoshe, print ya namba ya desimali hutuma sehemu kamili, nukta na tarakimu moja moja, na kwenye kadi yako kila kimoja huondoka kama pakiti yake. Upande wa Python, recv(1024), amri ya kupokea, haimaanishi "nipe ujumbe mmoja", bali "nipe baiti zilizokwisha kufika, zisizidi 1,024".

Kwa hiyo mpaka uweke wewe. Andaa mstari mzima kwanza, ukiufunga kwa alama ya mstari mpya, ndipo uutume kwa mara moja:

char mstari[16];
int k = lround(joto * 10);
snprintf(mstari, sizeof mstari, "J=%d\n", k);
client.print(mstari);

Kwenye kompyuta, limbikiza kila unachopokea katika bafa moja (sehemu ya kumbukumbu ya kuhifadhi kwa muda), kata kila inapoonekana \n, na kipande kinachobaki mwishoni kihifadhi hadi baiti nyingine zije, usikitupe, maana hapo ndipo "31." yako ilipokuwa ikipotelea. Recv ikirudisha baiti tupu, ujue upande wa pili umefunga muunganisho, hivyo toka kwenye kitanzi.

SWALI: Niko Sakina, Arusha. Nikizima seva yangu ya Python kwenye Linux na kuiwasha papo hapo, naambiwa anwani tayari inatumika. Nikisubiri kidogo, inakubali.

JIBU: Muunganisho uliofungwa na seva hubaki kwa muda katika hali ya TIME_WAIT, ili baiti zilizochelewa njiani zisiingie kwenye muunganisho mpya. Weka SO_REUSEADDR, chaguo linaloruhusu anwani kutumika tena, kwa setsockopt kabla ya bind, amri inayoifunga seva kwenye anwani yake. Ukiiweka baada yake, haitakusaidia.