Mama, asiguse ule mulango

"Tantini, bwana yangu wakati alitoka ku kazi, dekonti yake (faranga ya mwisho ya kazi) tulijengea aneksi ya milango saba, vyumba vya kupangisha, mu parseli (kiwanja) yetu ku Katuba, Lubumbashi. Alishakufa, nimebaki miye na balokateri (wapangaji). Mulango moja ni dola 40. Kuko mama moja wa batoto batatu, myezi tano halipi, anasema tu nikamate mu garanti (faranga yenye aliweka wakati wa kuingia). Kila siku fujo juu ya kura (umeme). Muloko (mudogo) ya bwana anasema tutoshe (tuondoe) mulango na mabati, ataondoka mwenyewe. Wengine banasema niuzishe. Nifanye nini?"
Mama wa Katuba

Mama yangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu ya kwanza nakuomba ni hii, ule muloko ya bwana asiguse mulango ya mutu. Ile kitu naijua. Zamani nilikuwa lokateri ku komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, bayeri (mwenye nyumba) akakuja asubuhi na seremala, bakatosha mulango na bawaba zake, tukatundika kitenge, mvua ya mwezi wa 12 ikaingia mpaka chini ya kitanda kwenye mutoto alikuwa analala. Na ile deni yetu ya loyer (faranga ya nyumba) hatukulipa hata franka moja, tuliondoka na hasira, yeye akabaki na chumba yenye haina mulango.

Tena sheria haikubali. Kuko sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31/12/2015 juu ya nyumba za kupangisha: kufukuza lokateri ni tribinali njo inaamua, na mbele ya kufika kule munapita kwanza ku biro ya abita (ya mambo ya nyumba) ku komini, bajaribu kubapatanisha. Enda kule na kontra (mapatano ya maandishi). Hauna kontra? Basi anza leo kuandika, mulango kwa mulango, na kaye (daftari) ya malipo yenye kila mutu anasinya.

Sasa garanti, na hapa mama unisikilize muzuri. Ile sheria inasema garanti ya nyumba ya kulala haipite myezi tatu. Alikulipa 120, si ndiyo? Deni ya myezi tano ni 200. Akitoka leo, ukitosha garanti yake, deni ya kweli inabaki 80. Lakini naona mu barua yako kitu haukusema: ile 120 haiko tena, ilienda ku minervale (faranga ya masomo) ya batoto ao ku mabati. Bayeri wengi banafanya vile, lokateri mupya akiingia garanti yake njo inalipa ya ule mwenye anatoka, na siku milango mbili zinatoka pamoja hakuna mupya, unaanza kukopa. Garanti haiko faranga yako, mama, ni ya mutu yenye umemuchungia. Kuanzia mulango yenye itafuata, uiweke kando, usiiguse hata kama kuko matanga.

Ule mama umuite peke yake, si mbele ya balokateri wengine, umuulize kazi yake inaendaje. Muandike kwa karatasi: loyer ya mwezi huu kamili, na dola 10 juu ya deni ya zamani, kila mwezi. Akikosa mara mbili, njo unaenda ku biro ya abita, hapo hata roho haikuumi.

Fujo ya kura, ile haiko tabia mbaya ya batu, ni kashpawa (kontere ya kura ya kulipia mbele) moja kwa milango saba! Mwenye ana taa mbili na redio analipa sawa na mwenye anapika maharagi ku resho (jiko) ya kura tangu asubuhi, lazima bagombane. Weka kontere ndogo kwa kila mulango, moja moja kila mwezi kama faranga ni kidogo, anza na wenye resho.

Na choo, haukuandika kitu, lakini milango saba na choo moja mu kiangazi wakati maji ni ya shida, mi naogopa kolera kuliko deni. Tia faranga hapo mbele ya rangi ya ukuta.

Kuuzisha hapana. Milango saba ikijaa ni dola 280 kwa mwezi, ukitosha impo (kodi ya serikali) ya loyer yenye inaenda ku provinsi na matengenezo, inabaki kitu ya kusomesha batoto. Ukiuzisha, faranga inakuja mara moja na familia ya bwana yote inakuja nayo siku ile ile.

Kisha kuongea na ule mama uniandikie, uniambie alikubali ngapi.