Miaka 45 na Unataka Kufundisha Kiingereza Japani? Anza na Hesabu Hii

Wiki hii nimepokea ujumbe wa mwalimu wa sekondari, miaka 46, akiuliza kama Japani watamkubali na mvi zake. Inaniuma kuona watu wazima wakijikatia tamaa kwa sababu ya umri. Programu ya JET, inayopeleka wageni kufundisha lugha kwenye shule za Japani na inayoendeshwa na serikali ya nchi hiyo tangu 1987, zamani ilikuwa na ukomo wa miaka 40. Siku hizi ukomo huo haupo.

Kinachowaangusha wengi wetu ni kitu kingine. Viza ya kufundisha lugha kwenye shule za msingi na sekondari inataka uwe umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Kiingereza kama somo hakihesabiwi. Mtanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili ana miaka 6 ya kidato cha kwanza hadi cha sita, na 3 ya shahada: jumla 9. Ongeza uzamili wa miaka 2, anafika 11. Bado mmoja, na hakuna barua ya kubembeleza itakayouziba. Mkenya wa 8-4-4 aliyeanza kufundishwa kwa Kiingereza darasa la nne ana 5 ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu, yaani 13. Huyo amevuka. Kaa na kalamu ufanye hesabu yako kabla hujatumia hata shilingi. Kwa JET, uliza pia ubalozi wa Japani kama nchi yako inapokea waombaji.

Ukipungukiwa, tazama eikaiwa, yaani shule binafsi za mazungumzo. Viza yake ni ya aina nyingine: inahitaji shahada ya fani yoyote, na sharti la miaka 12 halimo, ingawa mwajiri atataka ushahidi wa Kiingereza chako. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtu mzima anapong'aa. Wanafunzi wengi ni wafanyakazi wanaokuja jioni, na mhasibu anayejifunza Kiingereza hufurahi kuongea na mtu aliyewahi kufunga hesabu za mwaka.

Vyeti vya miaka 20 iliyopita vina shida zake. Jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la pasipoti, hasa kwa dada zetu walioolewa. Hati ya kiapo itengenezwe mapema. Barua ya shule inayothibitisha lugha ya kufundishia iwe na muhuri na sahihi. Shule imefungwa? Anzia ofisi ya elimu ya wilaya, na ujipe miezi kadhaa.

Usaili una somo la mfano, mara nyingi dakika 5 hadi 10, na hapa walimu wazoefu huanguka kuliko vijana. Wanashika chaki, wanaeleza sarufi, dakika zinakwisha wakiwa ni wao peke yao waliozungumza. Msaili anataka kusikia sauti ya mwanafunzi. Chukua maneno manne ya hali ya hewa, yenye picha kubwa. Sema, wanafunzi warudie, kisha waulizane wawili wawili. Sentensi zako ziwe za maneno matano au sita. Utaulizwa pia utapokeaje maelekezo ya mwalimu mwenye umri wa miaka 28. Jibu kwa tukio halisi la kazini ulipofanya kazi chini ya mdogo wako, maana "sina tatizo" haimshawishi mtu.

Baada ya kupata kazi, mwajiri ndiye anayeomba kwa Uhamiaji wa Japani hati iitwayo COE (Certificate of Eligibility), yaani cheti cha kustahili viza. Kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi 3, na Uhamiaji hawatozi ada. Wakala anayetaka fedha za COE kabla hujapata mkataba ni tapeli. Hati ikitoka, una miezi 3 ya kuingia nchini.

Mwaka wa shule huanza Aprili, na mshahara wa kwanza huweza kuja mwishoni mwa mwezi wako wa pili kazini. Beba akiba ya miezi miwili, pamoja na amana ya nyumba. Mwenzi wako akija kama tegemezi anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi hadi saa 28 kwa wiki. Na ukiondoka kabla ya kuchangia pensheni miaka 10, una miaka 2 tangu kuondoka ya kudai malipo ya mkupuo. Tunza namba yako ya pensheni.